Ngoma za Plastiki na Mkono Wangu wa Kushoto

Gitaa ndilo lililotangulia kuniita. Nililikuta kwenye duka la mitumba hapa Reading, Uingereza, limeegemezwa kwenye kiti cha magurudumu. Lilikuwa la kahawia, umbo lake kama fidla, na shingoni, mahali pa nyuzi, lina vitufe vitano vya rangi. Nyuma yake kulikuwa na ngoma nne bapa zenye mpira juu, zimefungwa kwenye miguu ya plastiki, kanyagio moja, maiki moja, na kasha la diski lenye picha ya vijana wanne. Vyote kwa pauni 15. Ilikuwa Januari 2013, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na mchana baridi haikuniruhusu kwenda popote.

Ulikuwa mchezo wa video, unaitwa The Beatles: Rock Band, wa kupiga nyimbo za Beatles, bendi ya vijana wanne wa Liverpool. Ulitoka tarehe 9 Septemba 2009, ile tisa-tisa-tisa, siku ileile albamu za bendi hiyo zilipotolewa upya zikiwa zimesafishwa sauti. Ulipokuwa mpya, seti kamili iliuzwa Marekani karibu dola 250. Mwaka 2013 watu walishachoka na vyombo vya plastiki, Harmonix walioutengeneza walishauzwa na kampuni mama, na magitaa yamejaa mitumbani kama suruali za jinzi pale Tangamano, kwetu Tanga. Sisi watu wa mitumba tunajua kusubiri.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi wa Tanga, Mreno mmoja wa Madeira mwenye PlayStation 3, na dada wa Mombasa, nesi, tuliyemwita Dada Mkubwa ingawa Mreno alimzidi umri kwa miaka minane. Mreno alichukua gitaa papo hapo, hakuuliza mtu. Dada Mkubwa akachukua maiki. Ngoma zikabaki kwangu, na hakuna aliyejua kwamba mimi na ngoma tuna kesi ya zamani.

Mimi ni mashoto. Kwetu hilo halikuwa jambo la kusema hadharani. Bibi mzaa mama alinilea, na neno lake lilikuwa moja: mkono wa kulia ndio wa kulia, huo mwingine una kazi yake chooni. Nikisahau nikapeleka kushoto kwenye sinia, napigwa kofi la kiganja. Nilipozidi kusahau akanifunga mkono kwa ncha ya kanga, fundo dogo tu, la kukumbusha. Hakuwa mkali. Aliogopa nisiende kumtia aibu kwa watu. Shuleni nikajifunza kuandika kwa kulia, na mwandiko wangu mpaka leo unafanana na nyayo za kuku.

Mahali ambapo haikuwezekana kabisa ni kwenye dufu. Maulidi ya dufu mnakaa safu, bega kwa bega, kila mtu ameshika dufu kwa kushoto na anapiga kwa kulia, na mikono yote inapanda na kushuka pamoja kama majani ya mnazi mmoja. Katikati ya safu hiyo niweke mimi, nimeshika kwa kulia, napiga kwa kushoto. Hata ukiziba masikio unaona kasoro. Ustadhi mmoja alinisogeza mwisho wa safu, kisha nyuma ya safu, kisha akanipa kazi ya kugawa kashata. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sijamlaumu; safu ilipendeza zaidi bila mimi.

Kwa hiyo nilipokaa nyuma ya zile ngoma za plastiki nilikuwa na miaka thelathini na moja, na moyo unanidunda kipuuzi.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Kwenye skrini kuna kitu kama barabara inayokuja kwako, na juu yake zinateremka alama za rangi. Alama nyekundu ikifika mstarini unapiga ngoma nyekundu, njano kwa njano, na mstari mrefu wa rangi ya chungwa ukifika unakanyaga kanyagio. Kuna madaraja manne, kutoka Rahisi hadi la mabingwa, na kwenye Rahisi hufukuzwi jukwaani hata ukipiga kama mtu anayefukuza nzi. Nyuma ya barabara unawaona wale vijana wenyewe wakipiga: kwanza kwenye kiukumbi cha chini ya ardhi cha Cavern kwao Liverpool, kisha kwenye televisheni Marekani, Shea Stadium, Budokan kule Tokyo, studio za Abbey Road, na mwisho juu ya paa la ofisi yao London, ambako mwaka 1969 walipiga kweli mbele ya watu mara ya mwisho.

Lakini kilichonishika si picha. Ukikosa alama, sauti ya chombo chako inatoweka ndani ya wimbo. Gitaa linaendelea, waimbaji wanaendelea, ila ngoma hakuna, kuna shimo. Ukipata tena, shimo linazibika. Muziki wa hawa watu nilishausikia madukani na redioni miaka yote bila kuutilia maanani. Sasa nikausikia kwa namna ambayo nadhani watu wachache wameusikia: ngoma zikiingia na kutoka, zikiingia na kutoka, kwa sababu ya uzembe wangu. Ndipo nikajua mpiga ngoma alikuwa anafanya nini pale. Wimbo bila yeye ulikuwa kama nyumba iliyoondolewa mlango. Ipo, lakini watu wanapita tu.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hilo liliwatesa sana waliotengeneza mchezo. Rekodi zao za mwanzo, za mwaka 1963, zilifanywa kwa utepe wenye njia mbili tu, vyombo vimerundikwa pamoja njia moja na sauti za waimbaji nyingine. Huwezi kuzima ngoma peke yake. Giles Martin, mtoto wa George Martin aliyekuwa prodyuza wao, alikaa na mafundi wakazichambua sauti moja moja, mithili ya mtu aliyepewa pilau arudishe mchele, nyama na bizari kila kimoja kwenye bakuli lake. Kazi yote hiyo ili mimi nikikosea, nisikie nimekosea nini.

Na nilikosea kweli. Wiki tatu nzima, hata kwenye daraja la Wastani, sikuvuka asilimia sitini. Nilikuwa nasikia mdundo, napiga kwenye mdundo, na mchezo unaniambia hapana. Nikapunguza kusikiliza, nikawa nakodolea macho tu barabara. Afadhali kidogo, lakini sasa nilikuwa napiga kama karani anayegonga mihuri. Mreno naye alikuwa anakosa, lakini yeye alitukana TV. Mimi nilijitukana mwenyewe. Nilishajua jibu tangu utotoni: mkono.

Siku moja Dada Mkubwa, ambaye ana subira ya kusoma kila kilichoandikwa, aliingia kwenye mipangilio akakuta sehemu ya kulinganisha sauti na picha. TV hizi bapa zinachelewa. Picha inachakatwa kwanza ndipo inaonekana, na sauti nayo ina safari yake. Unapewa mlio na mwanga, unapiga kuufuata, mchezo unapima tofauti kisha unajirekebisha. Yetu ilitoka milisekunde tisini na kitu. Ni kupepesa jicho tu, lakini kwenye ngoma ni umbali wa kutoka Tanga mpaka Muheza. Alipobonyeza kukubali, tukarudia wimbo uleule wa jana yake. Asilimia themanini na nne. Mreno aliigeukia TV akaipa pole kwa Kireno. Mimi nilikaa kimya. Wiki tatu nilikuwa nimebeba kosa la televisheni, na wala halikuniuma kubeba; nililipokea kama mzigo wangu wa kawaida.

Basi nikapata ujasiri wa kutafuta kitu kingine humo kwenye mipangilio. Kulikuwa na chaguo la mashoto. Ukiliwasha, barabara inageuka: kilichokuwa kushoto kinakwenda kulia. Nililiwasha mchana nikiwa peke yangu, nikasema leo ndio leo. Nilitegemea mkono wangu utafunguka kama ng'ombe aliyekatwa kamba.

Ilikuwa aibu tupu. Nilipiga vibaya kuliko siku ya kwanza. Mkono wa kushoto ulitaka kuongoza lakini haukujua njia, na wa kulia, uliofundishwa kwa makofi miaka ishirini, ulikuwa unawahi kufanya kazi isiyo yake. Nilizima nikakaa nimeshika fimbo mbili. Ukimfundisha mtu kuwa mgeni mkono mmoja, usidhani wa pili utabaki mwenyeji.

Nikiwa kwenye hali hiyo ndipo nilipojua habari za Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles. Nilizikuta nikisoma usiku ghalani, saa ya mapumziko, chai mkononi. Ringo ni mashoto. Alizaliwa hivyo mwaka 1940, Liverpool, na ameeleza mwenyewe kwamba bibi yake aliona mkono huo ni mambo ya uchawi, akamlazimisha kutumia kulia. Nilisoma mstari huo nikacheka mpaka msimamizi akageuka. Bibi wa Liverpool na bibi wa Tanga! Huyu analinda mjukuu na wachawi, yule analinda mjukuu na aibu ya sinia.

Kilichonifaa zaidi ni kinachofuata. Ringo hakugeuza ngoma. Alikaa kwenye seti iliyopangwa kwa watu wa kulia, akaipiga kama alivyo. Mtu wa kulia akitaka kuzunguka ngoma zake anaanza na ndogo ya kushoto na kuviringika kuelekea kulia, mikono inapishana bila kugombana. Ringo anataka kuanza na kushoto, na kwa mpangilio ule mikono yake inakutana njiani. Kwa hiyo anachelewa nukta, anakata, anaingilia mahali pasipotarajiwa. Zile ngoma zake za kujazia ambazo wapiga ngoma wengine wanahangaika kuziiga zinatoka hapo, kwenye mkono uliokaa upande usio wake. Mwenzake Paul McCartney, wa besi, naye ni mashoto, ila yeye aligeuza gitaa lake. Wawili kati ya wanne. Sijui safu yetu ya dufu ilikuwa na wangapi waliojificha.

Nikarudi nyumbani asubuhi, sikulala. Niliacha barabara kama ilivyo, ya watu wa kulia, lakini nikauruhusu mkono wa kushoto uanze popote utakapotaka. Wimbo niliochagua ni Come Together wa mwaka 1969, kwa sababu mwanzo wake unabebwa na besi na ngoma, na zile ngoma ndizo mfano anaotajwa nao Ringo kila mara. Matoazi yanatetema kidogo, kisha mviringo unashuka kwenye ngoma nene, kisha kimya kifupi, kisha tena. Kwa kulia nilikuwa nauvunja kila siku katikati. Nilipoanza na kushoto, mkono wa kulia ukasubiri, ukaingia nyuma yake, na mviringo ukakaa. Si kwamba nilipata alama zote. Nilikosa nyingi tu. Lakini nilipozipata, zilikuja zenyewe, sikuzifuata kwa macho.

Hapo jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Ngoma hizi hazina mlio wenyewe, mlio uko kwenye TV, lakini mpira ukipigwa unasema tapu-tapu, na kanyagio linapiga sakafu kama mtu anayetwanga. Tulihangaika na jambo hilo wiki nzima mpaka Mreno alipookota zulia nene mahali ambapo hatukumuuliza.

Jumapili zilikuwa za Dada Mkubwa. Mchezo huu una sauti tatu za kuimba kwa pamoja, maana wale vijana waliimba hivyo, na yeye alikulia kwenye kwaya. Tukanunua maiki mbili zaidi, akaleta wenzake wawili wa kazini, mmoja wa Kisumu, mwingine wa Morogoro, na sebule ikawa haipitiki. Waligundua jambo katika nusu saa: mchezo unasikiliza juu na chini ya sauti, hausikilizi maneno. Ukiwa kwenye noti yako, sema utakalo. Basi wakaacha Kiingereza. Mmoja anaimba orodha ya manukato ya pilau, mwingine anamteta msimamizi wao wa wodi kwa jina la kupanga, Dada Mkubwa anashikilia sauti ya kati kwa "nazi, nazi, tui la kwanza", na nyota zinajaa kwenye skrini, tano kamili, washabiki wa Liverpool wanapiga makelele. Mimi nyuma nalia kwa kucheka na nakosa alama. Ukikosa sana unatolewa kwenye wimbo, lakini mwenzako mwenye nguvu za akiba anaweza kukurudisha kwa kuinua shingo la gitaa. Mreno alinifufua mara mbili Jumapili ile, kila mara akiniangalia kama mtu anayenilipia nauli.

Kuna jukwaa moja niliogopa, Shea Stadium. Kule New York, tarehe 15 Agosti 1965, watu zaidi ya 55,000 walipiga kelele kiasi kwamba bendi haikuweza kujisikia ikipiga. Vipaza sauti vya enzi hizo havikuweza. Ringo amesimulia mara nyingi kwamba nyimbo alizifuata kwa kutazama migongo ya wenzake, vichwa vinavyotikisika na makalio yanavyokwenda, ili ajue wamefika wapi. Nilipofika jukwaa hilo nilijiona nipo kwenye safu ya dufu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa napiga utotoni, nikitazama mkono wa jirani.

Nilimweleza mjomba kwa simu. Mjomba alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya dansi ujanani, leo ana duka la vifaa vya umeme. Akauliza, "Hizo ngoma zako zinalia?"

"Hazilii, mjomba. Zinalia kwenye TV."

Akacheka, akaita watu wa dukani awasimulie, akarudi. "Na unapata fedha?"

"Napata nyota."

Baada ya kucheka tena alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Wewe dufu ulikuwa unaliweza. Mimi nilikuwepo. Ulikuwa na mdundo kuliko wale wote. Tatizo lako ulikuwa unatazama mkono wa mwenzako, halafu unajirekebisha, ndipo unachelewa." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema, "Kwa nani? Kwa mama yangu?"

Nilikwenda Tanga Desemba 2015. Bibi alishatangulia mbele ya haki miaka minne nyuma. Zile ngoma za plastiki nilimwachia Mreno, lakini fimbo nilizichukua, nikampelekea mjomba kama zawadi, maana fimbo hata za mchezo ni fimbo kweli, za mbao. Alizipima uzito, akazungusha moja vidoleni, uzee haujamnyang'anya hilo. Tulikuwa barazani baada ya alasiri, kahawa iko mezani.

"Nisikilizishe huyo mtu wako."

Nikamwekea ule wimbo kwenye simu, sikumwambia chochote. Alifunga macho. Besi ikaingia, matoazi yakatetema, mviringo wa kwanza ukapita. Mjomba akawa anaufuata kwa fimbo kwenye ukingo wa kigoda, taratibu, kulia, kushoto, kulia. Mviringo wa pili ulipofika, fimbo zikagongana. Akafungua macho. Akajaribu tena, zikagongana tena. Akaziangalia, kisha akanitazama mimi, kisha mkono wangu ulioshika kikombe, ambao bila kujijua ulikuwa wa kushoto.

"Huyu mashoto," akasema.

Akabadilisha fimbo mikononi, akaniambia nirudishe mwanzo.